Shajara ya mradi: mgeni mmoja, majina saba

Siku ya 1

Naanza kuandika hapa ili nisije nikasahau nilifanya nini na kwa nini, maana mradi uliopita niliuacha wiki tatu nikarudi nikawa nasoma msimbo wangu mwenyewe kama nasoma barua ya mtu mwingine. Kazi ukiisikia ni ndogo. Nina programu ya kuandika noti, ina matoleo ya Windows, Mac, Android na iPhone, sasa nataka ukurasa wa kupakua unaomjua mgeni, yaani akija na simu ya Android akutane na kitufe cha Android, akija na Mac akutane na cha Mac, sio namrundikia vitufe vinne halafu ajitafutie. Nataka pia jedwali la takwimu, nani anakuja na nini, na menyu inayokubali kidole na mausi, na kale kaonyo ka "brauza yako imezeeka". Nimejipa siku mbili. Siku mbili, naiandika hapa makusudi.

Nimeanza na njia ya wote, kusoma heda ya User-Agent, ule mstari wa kujitambulisha ambao brauza inautuma kila inapoomba ukurasa. Nikaichapisha kwenye logi ya seva nione inakujaje. Hii ni ya kwangu mwenyewe, niko kwenye Edge:

Mozilla/5.0 (Windows NT 10.0; Win64; x64) AppleWebKit/537.36 (KHTML, like Gecko) Chrome/124.0.0.0 Safari/537.36 Edg/124.0.0.0

Hebu hesabu majina hapo. Mozilla, AppleWebKit, KHTML, Gecko, Chrome, Safari, Edg. Saba. Mtu mmoja kabisha hodi, umemuuliza nani, katajia ukoo mzima ndo akamalizia na jina lake, tena kalikata herufi ya mwisho, maana Edge yenye e kamili ilikuwa ile ya zamani kabla hawajahamia Chromium, msingi uleule wa Chrome, mwaka 2020.

Nimepoteza saa nzima kusoma ilikuwaje na sijutii. Netscape ya miaka ya 90 ilikuwa inajiita Mozilla, jina la utani la huko ndani kwao. Ilipoleta fremu, yaani kugawa ukurasa mmoja vipande, wenye tovuti wakaanza kukagua mlangoni, ukiwa Mozilla unapewa ukurasa wa maana, huna jina hilo unapewa wa kimaskini. Internet Explorer nayo ikajifunza fremu lakini ikawa bado inapewa wa kimaskini, ikaona isiwe tabu, ikajiita Mozilla na kwenye mabano ikajieleza kwamba inaendana. Konqueror, brauza ya mradi wa KDE wa Linux, ikaja na injini yake ya kuchora kurasa, KHTML, ikasema mimi ni kama Gecko, injini ya Mozilla. Apple wakaichukua KHTML wakatoa WebKit, Safari ikatoka 2003 imebeba maneno hayo yote mgongoni. Chrome 2008 ikajengwa juu ya WebKit ikaongeza neno Safari ili isinyimwe vya Safari. 2013 Google wakajitenga wakaanzisha injini yao, Blink, ila ile namba 537.36 imebaki palepale mpaka leo kama saa ya ukutani iliyoisha betri. Kila aliyedanganya alikuwa na sababu, na sababu yenyewe ni watu kama mimi wanaokaa mlangoni kukagua majina.

Basi nimeandika kitambuzi changu kwa kufuata mpangilio, unaanza kuuliza Edg, halafu OPR ya Opera, halafu SamsungBrowser, ndo uje Chrome, Safari mwisho kabisa. Ukigeuza mpangilio kila mtu anakuwa Safari. Kinafanya kazi. Nimelala vizuri.

Siku ya 2

Kaonyo. Nilikaandika usiku: tafuta neno Chrome, mkwaju, halafu tarakimu mbili, zikiwa chini ya 60 mwambie mtu brauza yake imezeeka. Asubuhi nafungua tovuti yangu na Edge yangu mpya kabisa, naambiwa imezeeka. Nikadhani utani. Nikakagua heda mara tatu, 124 iko pale wazi. Kumbe rejeksi yangu, ile fomula ya kutafuta maneno, imechukua tarakimu mbili kama nilivyoiambia, 1 na 2, ikasoma 12, na 12 ni ndogo kuliko 60 kwa hiyo ikanilaumu.

Kinachoniuma ni kwamba shimo hili lina bango. Opera walipofika toleo la 10 mwaka 2009 walikuta tovuti zinasoma tarakimu moja tu, ya kwanza, zinaona 1, wakalazimika kuacha Opera/9.80 mwanzoni mwa mstari na namba ya kweli wakaisukumia mwishoni. Halafu Chrome na Firefox zikagonga 100 mwaka 2022, watu wakakumbushana upya. Na mimi nimekuja nyuma yao wote nikatumbukia vilevile. Dawa ilikuwa alama ya kujumlisha moja baada ya \d. Alama moja imenila asubuhi nzima.

Siku ya 3

Nimempa mdogo wangu kiungo ajaribu, yeye haelewi mambo ya msimbo na ndo maana namtaka. Baada ya dakika mbili:

"Kaka, ukurasa wako unaniambia nipakue ya Mac. Mi nipo kwenye iPad."

"Umewasha ile ya kuonyesha tovuti kama kompyuta?"

"Sijagusa kitu, kaka. Nimefungua tu."

Nikaenda kwenye logi kutafuta ombi lake, na kweli, Macintosh. Intel Mac OS X 10_15_7, neno iPad halipo popote. Nikaweka mstari wake pembeni ya mstari wa Mac halisi nikitafuta tofauti, nilipotoa namba za matoleo hakuna kilichobaki cha kuwatofautisha. Tangu iPadOS 13 ya 2019 Safari ya iPad inajitambulisha kama Mac, hiyo ndo tabia yake ya kawaida bila mtu kuwasha chochote, kwa sababu iPad ilichoka kupewa kurasa za simu kwenye kioo kikubwa. Yaani ile hadithi ya siku ya 1 haijaisha, bado inaendelea.

Ujanja upo. Mac hazina skrini ya kugusa, kwa hiyo ukiiuliza brauza navigator.maxTouchPoints, yaani inapokea vidole vingapi kwa pamoja, inarudisha 0, iPad inarudisha 5. Mtu akisema yeye ni Macintosh halafu ana sehemu za kugusa zaidi ya 1, ni iPad. Nimeiweka na inafanya kazi ila siipendi, siku Apple wakitoa Mac ya kugusa kanuni yangu inakufa siku hiyohiyo. Halafu kuna jambo zito zaidi hapa nimeligundua nikiwa naandika: habari hii ipo ndani ya brauza tu, seva haiioni. Mimi nilikuwa nachagua kitufe kwenye seva kabla ukurasa haujaondoka. Kwa hiyo mpango mzima wa siku ya 1 una kilema na si wa kupigwa plasta.

Zile siku mbili ndo zimeshaisha hivyo.

Siku ya 5

Leo nimeangalia takwimu za siku tatu nikajiona nina wageni wa ajabu sana. Karibu kila mwenye Android yuko Android 10, na simu yake inaitwa K. Hakuna mwenye Windows 11 hata mmoja. Wenye Mac wote wamegoma kuhama toleo moja la 2019. Na kuna genge linatumia Nexus 5X, simu ya 2015, wanaingia usiku wa manane wanasoma kurasa zote kwa mpangilio na hawabofyi kitu.

Mmoja mmoja sasa. Chrome tangu 2023 imepunguza maneno kwa makusudi, kila simu ya Android inasema "Android 10; K" hata kama imetoka dukani jana, sababu ni faragha, ule mstari ulikuwa na habari nyingi mno kiasi cha kumfuatilia mtu mmoja. Windows 11 inaendelea kusema NT 10.0. Mac imegandishwa kwenye 10_15_7 kwa sababu ilipokuja macOS 11 kuna tovuti zilivunjika kwa kusoma namba vibaya, aisee nawaelewa. Na Nexus 5X ni roboti ya Google, Googlebot ya simu, imejiandika wazi mwishoni ila kitambuzi changu kilishaona neno Chrome kikaridhika. Nikiwa nataka uhakika kwamba ni yenyewe sio mtu kavaa jina lake, naichukua anwani ya IP nauliza DNS, daftari la majina ya mtandao, kinyumenyume, jina lirudi la googlebot.com au google.com, halafu jina hilo nalirudisha tena liwe IP ileile.

Nimefuta safu tatu kwenye jedwali: toleo la Android, toleo la Windows, toleo la Mac. Namba ambayo najua haibadiliki haina kazi kwenye takwimu, inapendezesha grafu tu.

Siku ya 6

Siku mbaya. Jana jioni niliwasha kashe mbele ya seva, ghala la nakala za kurasa, ili ukurasa uwe mwepesi, nikaenda kulala. Asubuhi meseji zimejaa, watu wa Windows wanaona kitufe cha Android. Wote. Mgeni wa kwanza baada ya kashe kuwaka alikuwa na simu, seva ikampa ukurasa wa simu, kashe ikauhifadhi, kila aliyefuata akapewa nakala ya yule wa kwanza. Kashe haikukosea kitu, anwani ni moja na hakuna aliyeiambia kwamba jibu linategemea nani kauliza.

Kuna heda ya kusema hivyo, Vary. Nikaweka Vary: User-Agent, tatizo likaisha, na kashe nayo ikaisha. Maana sasa inatunza nakala moja kwa kila mstari tofauti, na mistari ni mingi kama mchanga, toleo kwa toleo, simu kwa simu zile ambazo hazijapunguza maneno, ukija na mstari ambao haujawahi kuonekana unaanza sifuri. Nimeangalia logi dakika kumi, karibu kila ombi linapita moja kwa moja mpaka seva. Ni kama kuajiri mtunza stoo anayetengeneza chumba kipya kwa kila mteja.

Nimeamua. Seva inatoa ukurasa mmoja kwa wote, vitufe vyote vinne vimo ndani ya HTML, skripti fupi kwenye brauza inakisia ni kipi kiwe kikubwa na vingine inavisogeza chini kwa maandishi madogo. Ikikisia vibaya mtu bado anaona chake. Skripti isipofanya kazi kabisa, vinne vinabaki sawasawa. Hiki ndo kile nilichokikataa siku ya 1, kurundika vitufe vinne, ila sasa nakitaka.

Siku ya 8

Nimejaribu njia mpya, zile heda za Sec-CH-UA, Chrome inazo tangu 2021. Badala ya mstari mmoja wa ukoo mzima, brauza inatuma vipande vitatu vifupi: chapa na toleo, je ni simu au la, na mfumo. Ukitaka zaidi, mfano modeli ya simu au toleo kamili la mfumo, unaomba kwa Accept-CH, na lazima uwe kwenye HTTPS. Ni safi. Kwenye chapa kuna hata jina la uongo la makusudi, kitu kama "Not-A.Brand", linabadilikabadilika ili watu kama mimi tusizoee kusoma orodha kwa mazoea ya nafasi, atakayeandika msimbo unaotegemea chapa ya pili ndo ya kweli ataumia mapema kabla hajasambaza. Nimeipenda hiyo, ni chanjo.

Windows 11 nimeipata huku, toleo la mfumo likiwa 13 kwenda juu ni 11. Safu moja imerudi kwenye jedwali.

Sasa ubaya. Safari haina, Firefox haina. Yaani ile sehemu iliyokuwa inaniumiza, Mac, ndo haipo. Na Mac ina la ziada ambalo sikulifikiria: programu yangu ina faili mbili za Mac, moja ya chipu za Intel, moja ya chipu za Apple wenyewe. Ule mstari unasema Intel kwa zote. Mac ya M1 inasema Intel. navigator.platform nayo inasema MacIntel, na iPad pia inasema MacIntel. Chrome ukiiomba usanifu wa chipu inakuambia arm, Safari kimya. Kuna watu wanauliza jina la kadi ya michoro kupitia WebGL, njia ya brauza ya kuchora 3D, kupata jibu, nimeona, nimefunga kichupo. Nimerudi upande wa programu yenyewe nikatengeneza faili moja yenye chipu zote mbili ndani. Imenenepa lakini swali limekufa, na mtumiaji hajui hata kama lilikuwepo.

Siku ya 9

Menyu. Fupi. Nilikuwa nauliza je ni simu, kumbe swali lilikuwa je ana kidole au mausi. Nilijaribu kuangalia kama ontouchstart, alama ya brauza inayojua kuguswa, ipo, laptopi yenye skrini ya kugusa ikapewa menyu ya simu wakati mwenyewe ameshika mausi. Sasa iko kwenye CSS, lugha ya mwonekano wa ukurasa: hover: hover na pointer: fine, menyu inafunguka ukipitisha mausi juu yake, vinginevyo inafunguka kwa kubonyeza. Laptopi ya namna ile inajibu kwa kifaa chake kikuu ambacho ni mausi, na ukitaka kujua kama kidole nacho kipo unauliza any-pointer. Mistari minne, hakuna jina la mtu popote. Nimefuta 38.

Siku ya 11

Hapa nataka niandike vizuri maana nilikuwa nimeanza kuwa mlokole. Juzi jioni nilijiapiza sisomi User-Agent tena maishani, ni uwezo tu, unauliza brauza unaweza hiki, ikisema naweza twende. Na watu wengi wanahubiri hivyo.

Leo nikagonga kuki, kile kipande cha data ambacho seva inakiacha kwenye brauza ili imkumbuke mtu. Programu yangu ya noti inaweza kupachikwa ndani ya tovuti nyingine, na ili mtu abaki ameingia humo ndani kuki lazima iwe na SameSite=None, yaani ruhusa ya kutumwa hata ukiwa ndani ya tovuti ya mwingine. Brauza za sasa zinaitaka hivyo. Lakini Safari ya iOS 12 na ile ya macOS 10.14 zina kasoro, zikiona None hazielewi, zinaichukua kama Strict, yaani kinyume kabisa cha unachotaka. Na Chrome za kuanzia 51 mpaka 66 zinaitupa kuki yote. Nina watu wachache wenye iOS 12, simu zao haziendi 13, wananiandikia kwamba wanaingia na kutolewa, wanaingia na kutolewa.

Sasa niulize uwezo gani? Kuki inawekwa na seva kwenye jibu, kabla skripti yoyote haijapumua, na hakuna heda ya "naelewa None". Hapo kinachobaki ni kusoma ule mstari: ukiona OS 12 ya iPhone au iPad, usiandike SameSite kabisa. Na hapa haunidanganyi, kwa sababu matoleo hayo ni ya zamani, mstari wao umeshaandikwa na hautabadilika tena, nakagua wafu sio walio hai. Hiyo kwangu ndo tofauti. Kumtambua mgeni wa kesho kwa jina lake ni kubahatisha, ila kasoro moja inayojulikana, kwenye matoleo yanayojulikana, yenye mwanzo na mwisho, jina linatosha. Nimeandika juu ya hiyo kazi maelezo ya mistari sita, kasoro gani, matoleo gani, na lini ifutwe, ili nisirudi baada ya wiki tatu nikaanza kujiuliza.

Walioniandikia wamejibu. Wanaingia, wanabaki.

Siku ya 12

Kaonyo nimekaua. Badala yake skripti mpya inaingia kwa type="module" na ile ya zamani ina nomodule, brauza kuukuu hazijui module, ule mtindo mpya wa skripti, zinaruka, mpya zinajua maana ya nomodule zinaruka hiyo nyingine, kila moja inachukua chakula chake bila mimi kuuliza umri. Safari 10.1 pekee inachukua zote mbili maana ilijifunza la kwanza kabla ya la pili, nimeiacha, nimehakikisha tu skripti ikijikuta imeshaendeshwa inanyamaza.

Halafu Opera Mini kwenye hali ya kubana data sana. Ule ukurasa hausomwi kwenye simu, unasomwa kwenye seva za Opera, kwenye simu inafika kama picha iliyokandamizwa, skripti zangu zinapata nafasi kidogo huko halafu basi. Nimefungua humo nikaona vitufe vinne sawasawa, hakuna kikubwa hakuna kidogo, nikabofya cha Android, faili likaanza kushuka. Sijagusa kitu.

Siku ya 14

Imepanda. Kitambuzi kilichobaki kinasomwa sehemu tatu tu: kukisia kitufe kikubwa, kuhesabu wageni kwa makundi mapana, na ile kuki. Faili la majina lilikuwa na mistari 212, sa hizi 54, na sita kati ya hiyo ni maelezo ya iOS 12.

Kwenye takwimu nimeweka kundi linaitwa "haijulikani" badala ya kulazimisha kila mtu awe kitu. Mdogo wangu kaingia kuangalia jedwali, kaniandikia:

"Kaka, huyu Haijulikani ni nani? Mbona anakuja kila siku?"

Nimemwambia ni wengi. Akaniuliza na yeye yumo? Nikaangalia, hayumo, yuko kwenye iPad, ingawa mstari wake kwenye logi bado unasema Macintosh.

Kimebaki kimoja. Chrome ya Android mtu akiwasha hali ya kompyuta inajiita Linux, X11, na mi sina toleo la Linux, kwa hiyo kitufe kikubwa hakitokei na vinne vinabaki sawa. Nilitaka kukitafutia ujanja wa kugusa kama ule wa iPad. Nimeandika mistari miwili, nimefuta.